Safu ya Lugha: Sosholojia si ustawi wa jamii

Kijana anayesoma sosholojia ya A-level kule Uingereza hasomei uafisa ustawi wa jamii, kama baadhi yetu tunavyoandika. Ustawi wa jamii ni huduma: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza. Sosholojia huuliza kwa nini watoto wa maskini hufeli zaidi, familia hubadilikaje, nani huitwa mhalifu na nani humwita hivyo.

Neno sosholojia lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte kuanzia mwaka 1839, nalo huunga Kilatini na Kigiriki. Wengine husema elimujamii, nami nalipenda. Linakaa vizuri kando ya isimujamii, yaani taaluma ya lugha katika jamii. Ila tusiliite somo hili maarifa ya jamii. Hilo limekuwa jina la somo la shule ya msingi, lenye historia na jiografia ndani yake.