Kupakua au Kukata Pingili?

Kijana aliyekaa nami barazani Mkunazini alifungua kompyuta mpakato, akaandika kwenye kioo cheusi "git clone", akabandika anwani ya mtandaoni, akabonyeza. Mistari ikashuka, asilimia zikapanda hadi 100. Nikamuuliza anafanya nini. "Napakua msimbo, mwalimu."

Neno lile lilinikaa, maana silo alilolifanya. Kupakua kumetoka jikoni. Ukipakua pilau unatia sahanini sehemu yako tu, na sahani haijui nani alitia uzile wala moto ulikokwa saa ngapi. Kwa picha au wimbo, neno linatosha kabisa. Lakini Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya wanaotunza kiini cha Linux, haitoi sahani. Amri ile huleta bohari nzima: mafaili ya leo, kila badiliko lililowahi kuwekwa, jina la aliyeliweka, tarehe na maelezo yake, vyote ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .git. Kijana aliandika "git log", akateremka, akateremka, hadi mstari wa kwanza kabisa wa kazi ile.

Nimesema bohari kwa kile Waingereza wanachokiita "repository". Wapo wanaosema hifadhi, lakini hapa Unguja hifadhi ni Jozani, pahala pa kima punju. Hazina nayo hufungiwa kwa kufuli. Bohari huingiza na kutoa, na karani huandika kila gunia daftarini. Ndivyo Git inavyofanya.

Kitenzi chenyewe, "clone", ndicho kigumu. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kitawi, na mwaka 1903 Mmarekani Herbert Webber alilitumia kwa mimea inayooteshwa kwa vipande badala ya mbegu. Kumbe ni istilahi ya shambani! Mkulima wetu analijua jambo hili tangu utotoni: mkarafuu huota kwa mbegu, na mche waweza kutofautiana na mama yake, viazi vitamu hukatwa marando, muhogo hukatwa pingili, na ndani ya pingili moja umo muhogo mzima.

Kwa hiyo nasema: kukata pingili ya bohari. Kunakili hakunitoshi, kwani nakala ya karatasi haioti. Pingili huota, na shamba la asili likiungua, kutoka kwayo unapanda upya. Tena pingili hii inakumbuka ilikokatwa. Pahala pale nimezoea kupaita shina.

Faida yake ilionekana Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Aliyetegemea kusoma msimbo mtandaoni alikaa akingoja. Aliyekwisha kukata pingili alifungua kompyuta yake, akasoma historia yote, akaandika mabadiliko mapya na kuyaweka, mtandao uliporudi akayasukuma kwenye shina.

Kijana alinisikiliza, kisha akaniuliza: ukiongeza "--depth 1" amri huleta hali ya mwisho peke yake, bila historia ya nyuma, hiyo nayo tuiiteje?

Hiyo, nikamwambia, iite kupakua.