Maji ya Ngarambe na Hiari ya Mtu

Wasikilizaji wangu, kila tufikapo habari za Vita vya Maji Maji, wanafunzi huniuliza: Je, watu wale wangeweza kukaa wasipigane? Mmoja husema walisukumwa na kodi na kazi za nguvu, kama mtumbwi usukumwavyo na mto Kilombero wakati wa masika. Mwingine husema walidanganywa na dawa. Majibu hayo yote mawili yamfanya mtu kuwa kitu kisicho na hiari, nami siyapokei upesi.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Tangu 1902 Wadachi waliwalazimisha watu wa upande wa pwani kulima pamba chini ya majumbe. Mwisho wa Julai 1905, huko Umatumbi, watu wakaing'oa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kugeuza risasi, alinyongwa tarehe 4 Agosti. Walakini maji yalikwisha kutoka mkononi mwake, yakaenea nchi hata nchi, yakafika bonde la Kilombero.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge. Ndani alikuwamo Luteni von Hassel, na askari wapatao 60, na mamia ya wenyeji waliomsaidia, na mizinga miwili ya bombom. Risasi hazikugeuka maji. Watu walianguka wengi mno.

Hapa nataka tutulie kidogo. Kama dawa ndiyo iliyowasukuma, basi siku ile dawa ilikufa machoni pao. Mbona hawakurudi makwao? Wapogoro na Wambunga walilizunguka boma hata Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi wa Septemba, na vita vikaendelea huku kusini hata 1907. Aliyeshika mkuki baada ya Mahenge alijua ya kuwa risasi ni risasi. Alikuwa na sababu zake, naam. Lakini alizipima, kisha akaenda.

Tumtazame na Kiwanga, mtemi wa Wabena wa bondeni. Habari za maji alizipata kama jirani zake, naye akasimama upande wa Wadachi. Mtu atasema: huyu naye hakuchagua, maana alikuwa amekwisha kufungamana nao zamani za vita vya Mkwawa wa Uhehe. Ni kweli, urafiki ule ulimvuta. Lakini kuvutwa si kufungwa kamba.

Mimi humfikiri zaidi mkulima asiye na jina. Jumbe wake amekunywa maji, ndugu zake wamekunywa. Akikataa ataitwa adui, akikubali atakutana na bombom. Hiari yake ilikuwa nyembamba kama ukingo wa mtumbwi. Siwezi kusema haikuwapo, wala siwezi kumhukumu kwa mizani ya mtemi.

Kisha Wadachi wakachoma nafaka mashambani na ghalani. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wafikisha hata 300,000, walio wengi kwa njaa. Nao wakubwa wale hawakunywa maji ya mganga, wala hapana jirani aliyewatisha. Kapteni Wangenheim aliandika mwaka ule wa 1905 ya kuwa njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Aliyaandika hayo kwa kalamu, akili zake zikiwa timamu.