Ile Hela: Lugha, Siri na Ulinzi wa Nyumba katika Enzi ya Mtandao

Historia ya usalama wa mtandao, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi, ni historia ya mashine. Huanzia Novemba 1988, pale Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alipoachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mpaka sehemu kubwa ya mtandao wa wakati huo ikazorota. Hupitia Mei 2000, barua pepe iliyojidai kuwa barua ya mapenzi ilipotoka Ufilipino na kuzunguka dunia kwa muda wa saa chache, ikiharibu mafaili katika kompyuta za walioifungua. Afrika ya Mashariki, ikitajwa katika masimulizi hayo, hutajwa kama mahali palipochelewa.

Hata hivyo, kisa cha mwaka 2000 kina funzo ambalo wahandisi hulipita upesi na ambalo mwanaisimu hana budi kulisimamia. Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu ya maneno matatu ya Kiingereza ambayo kila binadamu angependa kuandikiwa. Programu ilikuwa ya kawaida. Kilichoisafirisha ni lugha. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika nchi za wasemaji wa Kiswahili jambo hilo lilitokea kwa uwazi zaidi: hatari ya mtandao haikuingia majumbani kwa kompyuta bali kwa simu ya mkononi, na wala haikuingia kwa programu bali kwa sentensi ya Kiswahili fasaha. Ulinzi wa lugha, kwa upande wake, ulikuwa umewekwa kwenye mlango mwingine.

Mlango huo mwingine ulikuwa kompyuta. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kompyuta ilikuwa chombo cha ofisi, cha chuo na cha vibanda vya intaneti vya mjini, na hatari yake iliyojulikana ilikuwa virusi vilivyobebwa kwenye diski na vinasa data vya mfukoni. Neno virusi halikuhitaji kuundwa. Lilikwisha kuenea tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya UKIMWI, na liliingia katika kompyuta likiwa tayari na uzito wa msiba. Sarufi nayo ikalipokea kwa namna yake: msemaji alisikia vi- ya wingi mwanzoni mwa neno la kigeni, akatoa umoja wake, kirusi, na neno likakaa katika ngeli ya KI-VI kama kiti na viti.

Wanaistilahi walikuwa na kazi kubwa wakati huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, na muda mfupi baadaye kampuni kubwa za programu zikafuata. Wakenya walisema tarakilishi, Watanzania wengi wakabaki na kompyuta. Kwa neno linalofungua akaunti palikuwa na nywila, neno la siri na nenosiri, na kila moja lilikuwa na watetezi wake. Mijadala hiyo ilikuwa na thamani na matunda yake yanatumika hadi leo. Ila yafaa kusemwa wazi kwamba wakati wataalamu wakipima kama nywila litakubalika, matapeli hawakuhitaji istilahi hata moja. Walihitaji kionyeshi.

Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikaanza Tanzania. Tangu hapo simu ya bei nafuu isiyo na intaneti yoyote iligeuka kuwa mkoba, na mkoba huo ulilala chini ya mto, jikoni na kwenye pindo la kanga. Mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alikuwa sasa na akaunti, na tarakimu nne za kuifungua. Hakuambiwa kwamba tarakimu hizo ni nywila. Menyu ilimwambia: ingiza namba ya siri.

Kisha ukaja ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini Tanzania amewahi kuupokea: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Haukuwa na salamu, jina wala maelezo. Kwa mtazamo wa kwanza ni ujumbe uliopotea njia, na wengi huufuta huku wakicheka. Lakini ukichunguzwa kisarufi ni kazi ya fundi.

Wanasarufi tangu E. O. Ashton, katika kitabu chake cha mwaka 1944, wameonyesha kwamba kionyeshi kikitangulia nomino hakionyeshi tena umbali tu, bali hufanya nomino hiyo kuwa jambo linalojulikana kwa wasemaji wote wawili. “Hela ile” ni hela iliyo pale. “Ile hela” ni hela tunayoijua mimi na wewe, tuliyokwisha kuizungumza. Laghai hadai kwamba kuna deni, kwa sababu dai hukaribisha ubishi. Analichukua deni kama jambo lililokwisha kukubaliwa, na kumwachia msomaji kazi ya kukumbuka ni lipi. Katika maelfu ya wapokeaji hakosekani mtu ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa amemwahidi ndugu yake ada ya shule, au alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Kwake yeye sentensi hiyo si uongo bali ukumbusho. Mtumaji hakumfahamu, sarufi ndiyo iliyomtafuta.

Kukosekana kwa salamu nako kuna historia. Ana kwa ana, Mswahili anayedai fedha bila kuuliza hali angeshukiwa papo hapo. Ujumbe mfupi, wenye herufi 160 na malipo kwa kila unaotumwa, ulikuwa umekwisha kuwazoesha watu kukata salamu. Adabu iliyokuwa ikimtambulisha mgeni iliondolewa na gharama kabla ya laghai kufika. Hata neno hela lina ushahidi wake: linatokana na heller, sarafu ndogo ya utawala wa Kijerumani iliyoanza kutumika pamoja na rupia mwanzoni mwa karne ya 20, na limebaki zaidi kinywani mwa Watanzania. Mkenya angeandika “ile pesa”. Laghai naye hana budi kuiheshimu lahaja ya wateja wake.

Uzito wa badiliko hili huonekana mtu akilinganisha na nyumba yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hakuingia tu. Alipiga hodi, akapokewa katika daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe, na wengi wao shughuli yao iliishia hapo hapo. Nyuma ya daka palikuwa na kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, palipohifadhiwa watu na vitu vya thamani. Mpango huo ulikuwa wa staha, na pia ulikuwa wa ulinzi: kila hatua ilimpa mwenyeji nafasi ya kuuliza ni nani na ana haja gani. Nyumba za udongo na makuti hazikuwa na daka la mawe, lakini zilikuwa na baraza, na hodi ilikuwa ile ile. Ujumbe wa simu haupiti daka. Humkuta mtu ndani, mara nyingi usiku, mara nyingi peke yake.

Watoa huduma walijaribu kulijenga daka upya. Jina la mpokeaji likaanza kuonekana kabla fedha hazijatoka. Nchini Kenya huduma ya namna hiyo ikapewa jina la Kiswahili safi, Hakikisha. Lilikuwa wazo jema, hasa dhidi ya kukosea namba. Ila ujumbe wa laghai nao ukajibu, na jibu lake ni miongoni mwa mambo ya kushangaza katika historia hii fupi. Sentensi ikaongezwa kishazi: “jina litakuja” fulani. Kwa maneno mawili tu ulinzi uligeuzwa kuwa uthibitisho. Jina la mtu asiyejulikana, ambalo lilipaswa kumshtua mtumaji, sasa lilimtuliza kwa kuwa lilikuwa limetabiriwa. Wakati ujao wa kitenzi, -ta-, ukafanya kazi ambayo hapo awali ilifanywa na kionyeshi.

Mbinu nyingine zilizofuata zina msingi huo huo. Yupo anayepiga simu akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akataka namba ya kitambulisho na namba ya siri ili akahamishie laini ya mtu kwenye kadi nyingine. Yupo anayeandika kwamba ametuma tarakimu sita kwenye simu yako kwa bahati mbaya, naye anaomba umrudishie. Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti yako ya WhatsApp, na akishazipata huwageukia jamaa zako kwa jina lako na picha yako. Mtandao huo uliweka mwaka 2017 namba ya ziada ambayo mtumiaji hujichagulia mwenyewe, na anayeiweka humzuia laghai hata kama amekwisha kupata zile sita. Lakini mbinu ya tatu haizuiliki kwa namba yoyote: simu kwa mzazi kwamba mtoto ameanguka shuleni na zinahitajika fedha za matibabu sasa hivi. Hapo kinachoibwa kwanza ni utulivu wa mzazi.

Sheria zilikuja baada ya madhara, kama kwingineko. Mtuhumiwa wa barua ya mapenzi ya mwaka 2000 hakushtakiwa mpaka mwisho kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria iliyolitaja kosa lake. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikapata ya kwake mwaka 2018. Zote mbili zilizua ubishi kuhusu uhuru wa kusema, ubishi ambao una mhadhara wake. Kwa mada hii inatosha kukumbusha kwamba ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mabadiliko ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania yalipitishwa mwaka 2021 tu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania mwaka 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kufungwa. Ujumbe wa “ile hela” haukukoma.

Penye tija zaidi ni kampeni, kwa sababu hapo hatimaye maonyo yaliacha istilahi yakaingia katika lugha hai. Nchini Kenya kampuni ya Safaricom iliwaonya wateja wake kwa neno Jichanue. Kamusi zitampa msomaji chanua la maua, pia la nywele zinazopitishwa kitana. Kijana wa Nairobi atasikia la Sheng, la kuzinduka na kuwa mjanja. Nchini Tanzania Mamlaka ya Mawasiliano, iliyokwisha kuwapa wananchi namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, ilishirikiana na kampuni za simu katika kampeni ya Sitapeliki. Umbo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi tapeli kimepewa kiambishi cha kutendeka, kikakanushwa, kikafungiwa katika nafsi ya kwanza. Haikusemwa “sitapeliwi”, ambayo ingemwacha mtenda, yaani tapeli, akiwa amesimama nyuma ya sentensi. Kutendeka humfuta mtenda. Kinachobaki ni sifa ya mtu: mimi ni wa aina isiyotapelika.

Kama kaulimbiu, ni neno zuri, lenye mahadhi na kiburi cha kuvutia. Lakini kama maelezo ya tatizo lina kasoro, na Jichanue lina kasoro hiyo hiyo kwa njia ya kujirejea kwake. Yote mawili yanamkabidhi mpokeaji peke yake mzigo wote, na aliyetapeliwa hubaki na fedheha ya kuwa alikuwa wa kutapelika. Fedheha hiyo ina matokeo. Aliyeona haya hanyanyui simu kuripoti, wala hawaambii majirani, na ujumbe ule ule huendelea mlango wa pili. Ulinzi wa zamani wa daka na baraza haukumtegemea mtu mmoja. Waliokaa barazani walimwona mgeni kabla hajagonga.

Na hapo ndipo neno siri linapoleta ugumu ambao menyu za simu hazikuutarajia. Katika Kiswahili siri si lazima iwe ya mtu mmoja. Kuna siri ya nyumba, inayojulikana na wote waliomo na kufichwa kwa walio nje. Methali husema siri ya mtungi aijuaye kata: anayetumbukizwa ndani kila siku ndiye ajuaye kiasi cha maji kilichobaki. Kwa maana hiyo mama kumwambia mwanawe namba ya siri si uvunjaji wa siri hata kidogo; mwana ni kata. Benki na kampuni za simu zilileta siri ya namna nyingine, siri ya mtu dhidi ya kila mtu, wakiwemo wa nyumbani kwake, na zikaiita kwa jina la ile ya zamani. Tangazo linaposema “usimpe mtu yeyote namba yako ya siri”, msikilizaji mzee huelewa mtu wa nje, kwani ndivyo siri ilivyokuwa siku zote. Basi bibi ambaye macho yake hayaoni tena maandishi madogo humpa mjukuu simu, na mjukuu asipokuwepo humpa wakala, akizitaja tarakimu zote nne kwa sauti mbele ya dirisha la kibanda, na watu watatu nyuma yake wakisubiri zamu yao.