MIFUPA YA TURKANA NA MUUMBA WETU

Leo tupitie Kabete kidogo.

Hapo mwaka 1903, mmishonari wa Kianglikana Harry Leakey na mkewe walipata mtoto, Louis. Baba alisaidia kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Mwana naye alitaka kuwa mmishonari, lakini akaishia kuchimbua mifupa ya kale. Nyumba moja, Neno na mafuvu! Miaka mingi baadaye, 1984, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu, akifanya kazi na Richard mwana wa Louis, aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba wakapata karibu mifupa yote ya mvulana, wa takriban miaka milioni 1.5.

Wengine wenu mnakumbuka 2006, viongozi kadhaa wa makanisa walipopinga mifupa hiyo ionyeshwe Makumbusho ya Nairobi. Naelewa uchungu wao. Walihofia watoto wetu wafundishwe kwamba walitokea tu, hawana Muumba. Lakini tangu lini Mungu wetu akahitaji tumfichie mifupa?

Soma Zaburi 139. Daudi anamshukuru Mungu kwa kumfuma tumboni mwa mamake. Je, hakujua kwamba Yese ni babake? Alijua vizuri sana! Hata wewe, daktari akikueleza mambo ya yai, mbegu na wiki 40, hutoki kliniki ukisema Mungu hakuhusika. Unaleta sadaka ya shukrani. Tena angalia Mwanzo 1:24: Mungu anaiagiza ardhi itoe viumbe hai. Ardhi ikatii, na Mungu akabaki kuwa Muumba.

Sisemi kila nadharia ya maprofesa ni Injili. Jinsi uhai wa kwanza ulivyoanza, wao wenyewe bado wanatafuta. Na anayesema mifupa imethibitisha hakuna Mungu, huyo ameacha sayansi ameanza kuhubiri. Mahubiri yake nayakataa.

Kinachoniuma ni vijana. Wanafika kidato cha nne, wanakutana na somo la mageuko ya viumbe kwenye baiolojia, na sisi tunawaambia wachague: kitabu au Yesu. Wengine wanachagua kweli, na Jumapili hatuwaoni tena.

Mzazi, likizo ikifika mpeleke mtoto Makumbusho. Simama naye mbele ya yule mvulana wa Turkana, usiharakishe. Akikuuliza ni nani aliyemuumba, mjibu.