Pesa kwa hesabu ya kazi: namna ilifika kwetu



Wengi kati yetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005, tukashukia Baraka. Kule kambini, Nyarugusu ao Lugufu, mama alikuwa anazaa bila kulipa kitu. Huku tulikuta bei zimeandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya: kuzaa, kulala, hata kikaratasi cha kuandikia dawa. Dada mumoja wa chama alizuiliwa siku 9 pamoja na mutoto wake muchanga juu ya deni. Tulichanga pesa, njo wakamuachilia. Kisanduku chetu cha musaada kilianzia pale.

Siku hizo tuliwakasirikia wauguzi sana. Lakini tulipouliza tukaelewa. Mwaka 1990 Ubelgiji na inchi zingine zilikata ushirikiano na serikali ya Mobutu, halafu vita ikamaliza mengine. Mushahara wa serikali ukawa jina tu. Muuguzi aliishi kwa kile mugonjwa analeta, na sehemu ya ile pesa ilipanda mupaka kwa wakubwa wake. Mugonjwa njo alikuwa serikali.

Karibu na wakati ule ule wa kurudi kwetu, wazo lingine lilivuka mupaka: kutolipa kituo juu tu kiko, bali kukilipa kwa kazi yenye kimefanya. Rwanda walilijaribu Cyangugu na Butare toka 2002, wakalieneza inchi yote kuanzia 2006. Kwetu Kivu ya Kusini, shirika la Cordaid la Uholanzi lilianzia Katana na Idjwi. Kila mama mwenye amezalia kituoni, kila mutoto mwenye amemaliza chanjo, ana bei yake. Rejista inahesabiwa, ubora unapimwa kila miezi 3, pesa inatoka.

Lakini kalamu inaweza kuzalisha wamama wengi kuliko kijiji kiko nao! Kwa hiyo vyama vya wenyeji vilipewa majina kutoka rejista, viende kuwatafuta watu nyumbani: Uko kweli? Ulitibiwa? Ulilipa ngapi? Baadhi yetu tulifanya kazi ile. Tuliwahi kumutafuta "mama mwenye kujifungua", tukaonyeshwa bibi mwenye vitukuu. Majirani walicheka mupaka machozi. Kwa maoni yetu, swali la tatu lilikuwa na maana kuliko ile hesabu yote. Mara ya kwanza mutu wa kijiji aliulizwa alitozwa kiasi gani, na jibu lake likaandikwa.

Je, ilisaidia? Rwanda, uchunguzi wenye ulitoka mwaka 2011 ulionyesha kuzalia kituoni kuliongezeka kwa 23%, lakini wamama wenye kumaliza mara 4 za kupimwa mimba hawakuongezeka. Kumuleta mama siku ya uchungu ni rahisi kuliko kumurudisha mara ine kwa miguu.

Haut-Katanga inatufundisha zaidi. Huko vituo vimoja vililipwa kwa hesabu ya kazi, vingine vikapata kiasi chenye hakibadiliki. Wale wa hesabu walijikaza kweli: walishusha bei, walizunguka vijijini kuita watu. Wagonjwa hawakuongezeka. Juu ya kushusha bei, hata mapato yao yalipunguka, na pesa ya mradi ilipoisha, moyo wa kazi ulikuwa chini kuliko kwa wenzao.

Kisha Banki ya Dunia ikakubali mradi mukubwa, PDSS, mwisho wa 2014, na njia ile ikaingia katika majimbo mengi. Tuliona mema yake: bei kushuka, dawa kuonekana. Tuliona pia malipo kuchelewa, na muuguzi kurudilia mufuko wa mugonjwa taratibu, bila kutangaza. Toka 2023 serikali imeanza kuzaa bure, Kinshasa ikiwa ya kwanza, na hapo pia kituo kinangoja kurudishiwa pesa yake na mwingine.

Kwa hiyo wafazili wetu wakituuliza kwa nini kisanduku bado kinalipa kuzaa wakati kuna miradi, jibu liko ndani ya daftari letu. Tunaendelea kuwapitia wamama nyumbani na kuuliza lile swali la tatu, hata kama hakuna tena mwenye anatulipa kwa kuliuliza. Mwenye alilipa karibuni amwambie katibu kiasi, na alete risiti kama alipewa.