KADI YA BIBI (Sehemu ya 3)

Mama, huyo bibi anayekushikia mtoto ukiwa kazini, akiugua leo analipiwa na nani?

Zamani hospitali za serikali zilikuwa bure. Mwaka 1993 kukaja kuchangia gharama. Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wakasamehewa, mnalijua hilo kutoka kliniki. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo nao wana msamaha wao, ila msamaha hauleti dawa. Dirishani ikiwa imeisha, mzee anaandikiwa akanunue nje, na hela hana. Hapo ndipo bima inapohitajika.

CHF ilijaribiwa Igunga mwaka 1996. Ilipoboreshwa 2018 ikawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, kwa hiyo bibi anayeishi kwako aliweza kuingia humo, hata kaka mwenye ulemavu. NHIF yenyewe ilianza 2001 na watumishi wa umma: wewe, mwenzako na wategemezi 4. Wazazi na wakwe wanaruhusiwa, lakini wenye watoto wanne mnajua ugomvi wake! Nani atolewe?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Ila lazima mtu atambuliwe kwanza. Kwa hiyo wiki hii pita serikali ya mtaa, halafu kwa afisa ustawi wa jamii, uulize jina la bibi.