Mimea Wala Wadudu

Binti wa jirani yangu hapa mjini Wote, Makueni, aliniletea insha yake niisome. Kichwa kilikuwa "Mimea Wala Wadudu". Nikangoja ukanusho: hapakuwa na mimea wala wadudu? Kumbe alikusudia mimea inayokula wadudu. Umoja, "mmea mla wadudu", hauna taabu. Wingi ndio unaoponza, maana mla akiwa wengi huwa wala, na wala tayari ana kazi nyingine.

Lakini mimi nina ugomvi na kula kwenyewe. Drosera, mmea mdogo wa ardhi chepechepe isiyo na rutuba, hauna kinywa. Majani yake yana vinyweleo vyenye matone yanayonata. Mdudu akitua, ananata; vinyweleo vinamwinamia polepole, jani linatoa vimeng'enya, nyama laini inayeyuka, na mmea unafyonza naitrojeni ambayo udongo uliunyima. Charles Darwin aliulisha vipande vya nyama na ute wa yai, akachapisha kitabu kizima juu ya mimea ya namna hii mwaka 1875.

Matone yale Kiswahili kinayajua: ni ulimbo, kama ule wanaoupaka wategaji ndege kwenye vijiti. Na kitenzi chake ni kunasa. Nakipenda kitenzi hiki: ndege amenasa, ulimbo umemnasa, neno moja linawabeba wote wawili.

Wakulima wa maembe wa Makueni hawakosei hapo. Tangu inzi wa matunda kutoka Asia agunduliwe Kenya mwaka 2003, wamejifunza kutundika mitego ya chambo miembeni. Dume hufuata harufu, akaingia, asitoke. Hakuna anayesema mtego umekula inzi. Umenasa.

Ulimbo pekee hautoshi kuwa jina la jamii nzima. Nepenthes wa Ushelisheli hutega kwa gudulia lenye maji. Utricularia wa madimbwini ana vibofu vinavyofyonza vijidudu vya majini kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kunasa kunawaenea wote. Na kwa kuwa tunacho kinasa sauti, nikapendekeza kinasawadudu, wingi vinasawadudu.

Binti alifuta kichwa chake, akaandika kipya, kisha kalamu ikasimama.

"Mwalimu, kinasa sauti huitunza sauti. Mmea huu unamtunza mdudu?"

Nimeifungua kamusi kwenye meng'enya, na bado niko ukurasa huo.